Sahani Zilizokaa kwa Jovia

Jumapili, 22 Mei 2016

Daktari Afrah kasema niandike kila siku, hata mstari mmoja. Hatausoma yeye, hatausoma mtu. Haya basi, mstari wangu: sitaki kuandika.

Nimeshaandika kuliko nilivyokusudia. Niendelee.

Leo kaniuliza swali. Ukizidiwa, utampigia nani? Nikamwambia Mama yuko chumba cha pili, hapigiwi, anaitwa. Akasema, mbali na Mama. Nikafikiri. Shakira alirudi kwao Kampala Januari, kazi ya babake ilipokwisha, na siku hizi meseji zake ni fupi fupi, za mtu aliye kwenye foleni. Simlaumu. Watu wa Dubai ni watu wa kuagana. Wenzangu wa darasani wako kwenye mitihani ambayo mimi siifanyi. Nikasema hakuna. Daktari hakushtuka wala hakunionea huruma, na kwa hilo namshukuru. Akasema basi hapo ndipo tutakapoanzia.

Baba alikuwa chini, garini, AC imewashwa. Huwa hapandi. Anasema kuegesha pale ni tabu. Nafasi tele.

Jumatatu, 23 Mei

Nimelala mpaka adhuhuri. Nimeoga. Ndiyo hayo.

Jumatano, 25 Mei

Nimewasikia jikoni. Walidhani nimelala — mimi kila mtu hudhani nimelala.

Baba anataka baada ya Idi nipelekwe Mombasa kwa Nyanya, nikabadilishe hewa. Mama akauliza, na daktari je? Baba akasema kule kuna watu. Hapa Ikhlas hana watu, Rukiya.

Sikukasirika. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba kasema kweli.

Nampenda Nyanya. Lakini najua itakavyokuwa. Nitakuwa "yule binti wa Mahfudh aliyerudishwa". Watanisomea, watanifukiza ubani, wakichoka watanitafutia mchumba. Kusomewa sina neno nako; Baba alinipeleka Aprili kwa sheikh mmoja wa Malindi aliyeko hapa Dubai, mtaa wa Deira, na usiku ule nililala vizuri. Ila Mombasa hakuna Daktari Afrah wa kunitazama machoni na kuniuliza kama Machi imerudi.

Machi. Niandike mara moja, yaishe. Mwezi wa Machi nilitaka kufa. Mama alinikuta roshani kabla sijafanya kitu. Hakupiga kelele. Alinishika mkono, akaniingiza ndani, akafunga mlango wa roshani kwa ufunguo. Ufunguo uko kwenye pindo la leso yake mpaka leo. Akibadilisha leso, fundo linahama nalo.

Khalas. Imeandikwa.

Jumamosi, 28 Mei

Mama kapika mahamri na mbaazi za nazi. Nyumba nzima inanukia iliki.

Kuna dada Mganda kahamia ghorofa ya pili, anaitwa Jovia. Anatandika vitanda katika hoteli moja hapa hapa Garhoud. Wanakaa wanawake kadhaa flati moja. Mama alipanda naye lifti akamwona "kakonda macho". Sijui macho hukondaje. Lakini Mama akishamwona mtu kakonda popote, lazima sahani itoke. Ikatoka.

Haukupita muda, mlango ukagongwa. Jovia, na sahani. Imeoshwa, imefutwa, inang'aa. Tupu.

Mama akaitazama, akacheka. Akamwambia, mwanangu, kwetu sahani hairudi tupu! Akaijaza tena mahamri akamrudishia. Alikuwa anamtania tu, apate na sababu ya kumpa mara ya pili. Jovia hakucheka. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo kwao, akaenda zake uso umemshuka.

Nikamwambia Mama, umemuaibisha. Akasema, we, mimi? Mimi nimempa mahamri.

Jumatatu, 6 Juni

Ramadhani. Nafunga. Dawa nameza baada ya kufuturu. Daktari karidhia na sheikh karidhia, na nadhani hilo ndilo jambo la kwanza hao wawili walilokubaliana.

Mama yuko mbio. Kaimati, viazi vya nazi, sambusa, tambi. Sahani zinatoka kama barua. Kwa Wahindi wa ghorofa ya tatu. Kwa yule bwana Msyria asiyesalimia. Kwa Zedekiya, mlinzi wa mlangoni, ambaye ni mlokole wa Uganda na hajali kama futari ni ya nani. Kwa Jovia.

Mimi kazi yangu kukaa nikitazama. Nashukuru hawanipi nyingine.

Ijumaa, 10 Juni

Sahani zinarudi. Wahindi wameleta biskuti. Msyria kaleta zaituni, na kasalimia! Zedekiya kaleta ndizi mbivu na kunipigia saluti: "Habari za juu, nyabo?" Nyabo ni bibie kwao. Ananiita hivyo tangu nilipokuwa na waya za kunyoosha meno.

Kwa Jovia hairudi hata moja. Kila siku inakwenda, hakuna inayorudi. Mama kasema sahani zitamwishia, niende nikazifuate. Nikasema sitaki. Akasema yeye magoti yanamuuma. Nikasema kuna lifti. Akanitazama. Nikarudi kitandani.

Jumanne, 14 Juni

Nimekwenda. Si kwa wema — Mama kaniambia leo tambi nitakula kwenye kifuniko cha sufuria, na kweli kaniwekea kifuniko mezani.

Ghorofa ya pili hapana taa ya ukumbini. Nikagonga. Mlango wao una kufuli mbili, ya juu na ya chini. Wanawake wakikaa peke yao hujifungia. Nikasikia ya juu, kisha ya chini. Jovia akatoa kichwa. Nikasema, dada Jovia, samahani, Mama kanituma sahani.

Alifanya uso wa mtu aliyefumaniwa.

Akaniingiza. Chumba kina vitanda vya kupandiana, na kila kitanda kimezungushiwa shuka kiwe nyumba ya mtu. Akapiga magoti, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda chake. Akalifungua. Sahani zetu. Zote! Kila moja imefungwa gazeti, zimepangwa juu ya nguo zake nzuri.

Nikasema, kwa nini? Akasema — naandika alivyosema — "Mama yako alisema sahani hairudi tupu. Sisi hapa hatupiki. Tunakula kazini. Mimi nirudishe na nini? Kila siku natafuta kitu ya kuweka, sipati. Na kesho inakuja ingine." Macho yamemjaa maji. "Sasa naogopa hata lifti. Napanda ngazi nisikutane na Mama Ikhlas."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya sanduku. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka kwa sauti. Sauti yenyewe ilinishangaza. Jovia akaniangalia, naye akaanza. Mtu wa kitanda cha juu akatoa kichwa nyuma ya shuka akatuambia ana zamu ya usiku, tumhurumie.

Nikamwambia weka chochote. Hata jani. Akasema jani hapana. Akafikiri. Akachukua taulo lake jeupe, akalitandika, akalikunja huku na huku, akalivuta shingo — bata! Bata mzima, kakaa. Ndivyo wanavyowawekea wageni kitandani. Akamkalisha juu ya sahani ya juu akanipa.

Nimepanda na mzigo wa sahani na bata. Mama kamweka juu ya tivi. Baba karudi kazini, kamtazama sana, kauliza huyu huliwa na nini.

Leo ni siku nzuri. Naandika tena ili nikija kubisha nijisomee: leo ni siku nzuri.

Alhamisi, 16 Juni

Nimeshuka tena. Sahani za jana na juzi. Mama kasema sahani zote zimeenda na yeye ana wageni.

Jovia kanifunza bata. Wangu ana shingo ya twiga. Kasema kazini kwao, mtu mpya hukunja bata wiki nzima kabla hajaruhusiwa tembo, tembo ana mataulo mawili. Nikamwuliza, na mimi? Kasema, "Wewe uko bado bata."

Anaongea mikono ikifanya kazi. Ana mtoto wa kiume, yuko Uganda, Masaka, analelewa na mamake Jovia. Kila Ijumaa wanaongea kwa simu, na mamake huyo hawezi simu bila kupiga kelele, chumba kizima kinamsikia. Hakuniuliza kwa nini siendi shule. Hakuniuliza kitu.

Jumapili, 19 Juni

Kwa Daktari. Leo nafasi za kuegesha kweli zilijaa. Baba kazunguka, kazunguka, mwisho kaegesha mbali, tukatembea juani na saumu zetu. Tulipofika mlangoni nikadhani atageuka. Hakugeuka. Nadhani ni joto. Akapanda.

Daktari akamkaribisha kiti. Baba akakaa pembeni kabisa, kama aliyekuja kuomba viza. Daktari akamweleza — haya ni maradhi, kama sukari na presha, yana dawa, na watu ni sehemu ya dawa. Si uvivu. Si kukosa imani. Baba akatikisa kichwa kila sentensi. Akauliza jambo moja: ni kosa letu? Daktari akasema hapana. Baba akatazama dirisha muda mrefu.

Kisha lile swali tena. Ukizidiwa, utampigia nani? Nikajibu kabla sijafikiri. Jovia.

Daktari akatabasamu. Mimi nikafurahi, nina mtu! Kisha nikamwona Baba.

Garini, tulipokaribia daraja la Garhoud, akasema, macho yakiwa barabarani, "Na mimi nina simu."

Basi. Nilitaka kucheka na kulia, nikafanya vyote kidogo kidogo upande wa dirishani. Baba yangu. Tangu Machi mimi nilidhani ananionea haya, kumbe alikuwa hajui pa kushika.

Ijumaa, 24 Juni

Jana sikuandika. Jana ilikuwa ile hali. Mama huiita hivyo, "ile hali", kwa sauti ya chini, kana kwamba ina masikio.

Haikuwa na sababu. Mama bado anatafuta sababu kama anayetafuta pete nyuma ya kabati: ni Shakira? ni mitihani? ni kijicho? Mama, pete haipo. Niliamka na kila kitu kilikuwa kizito, hata shuka. Sikufuturu. Nilisikia adhana nikaona inaita watu wengine.

Jovia alikuja. Nadhani Mama alimpigia. Ameshavaa yunifomu ya kazi, amebeba sahani. Akakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye kitanda changu, hata hanitazami. Akasema, "Mimi sitauliza kitu. Niko na saa moja kabla ya kazi. Nitakaa."

Akakaa. Akaomba mataulo kwa Mama. Nikamsikia anayakunja moja moja, anaimba kwa pua wimbo wa kanisani kwao. Saa yake ilipokwisha akainuka, akanigusa mguu juu ya shuka, akaenda.

Nilipogeuka, chumba kilikuwa kimejaa wanyama. Bata, sungura, kitu chenye masikio. Na mezani, tembo.

Leo nimekula tende tatu na uji. Nimeoga. Wanyama bado wamekaa, Mama hana taulo hata moja la kukaukia na hajasema neno. Alhamdulillah kwa Mama. Alhamdulillah kwa Jovia. Sikutaka kuandika Alhamdulillah ya tatu lakini naiandika: Alhamdulillah nipo.

Jumatatu, 27 Juni

Mama mwongo!

Kanituma jikoni nikateremshe sinia kubwa la biriani lililo juu kabisa ya kabati. Nikapanda kigoda. Nyuma ya sinia, mfuko. Ndani ya mfuko, sahani. Mpya, bado zina stika za dukani. Mrundo! Na nyuma ya mfuko huo, zile zetu za maua za wageni, ambazo zilikuwa "zimekwisha zote kwa Jovia".

Nilisimama juu ya kigoda pale nikijumlisha. Hakukuwa na sahani zilizokwisha. Hakukuwa na wageni. Ile siku ya kifuniko cha sufuria — kifuniko! — kabati lilikuwa limejaa. Mama aliona sahani hazirudi, akaona huko ndiko pa kunitoa kitandani. Kila siku ananituma nikalete sahani asizozihitaji.

Nilikasirika. Dakika nzima. Mimi ni sufuria ya kukorogwa? Kisha nikamfikiria Mama sokoni na mfuko wake, anachagua sahani za kuficha.

Nimerudisha mfuko ulipokuwa. Nimeteremka na sinia. Mama akauliza, umeona kitu chochote kingine huko juu? Nikasema vumbi. Akanitazama. Nikamtazama. Nikamwuliza, Mama, kuna sahani za kufuata leo? Akasema, enhe, ziko, nenda mwanangu, zimetuishia kabisa.

Nimeshuka mbio.

Jumamosi, 2 Julai

Baba kaniomba nimfunze bata. Kakunja kitu kama kuku aliyegongwa na gari. Kakiweka juu ya tivi karibu na yule wa Jovia na kuvitazama vyote viwili kwa haki. Kasema, "Wangu ana tabia yake."

Jumatano, 6 Julai

Idi!

Baba kaswali na karudi ananukia udi. Pilau, kuku wa kupaka, tambi, mkate wa sinia. Jovia hakuja, yuko zamu, hoteli zimejaa. Zedekiya kala sahani mbili akasema mwakani na yeye atafunga, siku moja.

Adhuhuri Mama alikuwa amefua shuka. Akasimama katikati ya sebule na beseni. Akaitazama roshani. Akashika pindo la leso, akafungua fundo, akanipa ufunguo.

Nikafungua. Joto likaniingia usoni. Nikaanika shuka, kibanio kimoja kimoja. Nyuma yangu Mama anatafuta vibanio ambavyo vyote ninavyo mimi. Akavitafuta mpaka nilipomaliza. Nikafunga, nikamrudishia ufunguo. Akaushika kidogo, kisha akauning'iniza kwenye msumari pale ukutani karibu na mlango, ulipokuwa zamani.

Nimeandika haya chooni ili nilie vizuri.

Baba kasema Jumamosi alasiri atampigia Nyanya, tuamue kuhusu Mombasa. Sauti yake haikuwa na hakika kama ile ya Mei. Lakini hakusema hatupigi.

Ijumaa, 8 Julai

Mamake Jovia kafariki.

Zedekiya ndiye katwambia, kapanda mwenyewe mpaka mlangoni, kofia mkononi. Alianguka jikoni kwake Masaka, juzi, siku ya Idi yetu. Hakuugua. Maziko yalikuwa leo asubuhi. Jovia hakuwahi — likizo yake ni ya Septemba, na hata wangempa ruhusa, ndege gani ingemfikisha. Kamzika mamake kwa simu.

Mama kalia kama wa kwake. Kisha kapika, Mama hajui kulia bila kupika. Tukashuka. Tukagonga. Wenzake waliotoka kazini wakafungua, wakasema yuko nyuma ya shuka lake, hali chakula, hasemi, anatazama ukuta. Mama akaita, hakutoka. Tukaacha sahani mlangoni.

Mimi naujua ule ukuta.

Jumamosi, 9 Julai

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, ukumbini, ghorofa ya pili, mgongo kwenye mlango wa Jovia. Mwanga ni wa dirisha la ngazi. Ni alasiri.

Wenzake wote wameenda zamu. Zedekiya kaniambia pale kwenye lifti: kajifungia, nyabo, kufuli zote mbili, mimi nimegonga nimechoka, wewe ni mtu wake. Sahani ya jana iko hapa nje, pilau imekauka. Nimeisogeza.

Niligonga. Nikasema, dada Jovia, ni mimi. Kimya. Nikasema makiwa, pole kwa msiba. Nikatafuta maneno ya Daktari Afrah, yote yakanikimbia. Nikakumbuka ya Jovia mwenyewe. Nikasema, sitauliza kitu. Nitakaa. Nikakaa.

Nimekaa muda. Nimekunja leso niliyokuja nayo, bata, nikaikunjua, nikaikunja. Ndani nilisikia kitanda kikilia. Halafu hakuna. Hakuna kabisa, muda mrefu. Na ile hali ikaanza kunipanda miguuni. Nikawaza Machi. Nikawaza huenda naye anawaza nilivyowaza mimi wakati ule, na hapa nje yuko msichana na leso tu. Mimi si mtu wa kazi hii. Mimi juzi tu sikuweza kunyanyua shuka.

Nimempigia Baba.

Naiandika tena niione: nimempigia Baba.

Nilijua yuko kwenye simu na Nyanya, ndiyo saa waliyopanga kuamua mambo yangu. Ikaita, ikaita. Akapokea. Nikasema, Baba, niko mlangoni kwa Jovia, hafungui, na mimi nimezidiwa kidogo. Akasema, "Nakuja." Hakusema subiri.

Kateremka kwa ngazi, kikoi na fulana, kofia ya Idi bado kichwani. Simu mkononi, na Nyanya bado yumo! Kamweka kwenye spika bila kujua. Nyanya anapiga kelele kutoka Mombasa, Mahfudh, uko wapi, mbona sauti inarudi?

Baba kanitazama nilivyokaa. Kautazama mlango, ile sahani, bata wa leso. Kisha kavua viatu, akavipanga ukutani vizuri, akakaa chini kando yangu, miguu kaikunja. Akasema, "Niko matangani, mama."

Nyanya akauliza, matanga ya nani tena?

"Ya jirani. Ni mtu wa Ikhlas."

Nimelisikia. Mtu wa Ikhlas. Aliyesema Mei kwamba hapa sina watu ni huyu huyu.

Nyanya akasema, basi kaeni. Msiba haukaliwi na mtu mmoja. Hayo mengine mtanipigia. Akakata yeye mwenyewe, na Nyanya hajawahi kukata simu katika maisha yake.

Sijui kama nitapelekwa Mombasa. Leo haikuamuliwa.

Baba hakunipa nasaha. Kaniuliza tu kama nimekunywa maji. Kampigia Mama ashushe chai na funguo za akiba za Zedekiya, kama zipo. Kisha akaugeukia mlango, akaugonga kwa kifundo kimoja, polepole, kwa ile sauti yake ya misibani ambayo nimeisikia toka utotoni na sikuwahi kufikiri kuwa ni kazi aijuayo. "Jovia, mwanangu. Makiwa. Ni Mahfudh, babake Ikhlas. Mama ni mama, hakuna wa kukwambia nyamaza. Sisi tuko hapa nje tumekaa. Ukitaka kulia, lia, tunasikia. Ukitaka kimya, tunakaa kimya."

Yaani alikuwa anajua. Muda wote huu Baba alikuwa anajua namna ya kukaa na mtu. Hakujua tu kwamba hata kwa aliye hai huketiwa.

Tukakaa. Bega lake kwenye bega langu. Miguu imeacha kuniganda.

Kisha sauti, karibu sana, kumbe naye kakaa chini upande wa pili, mgongo kwa mgongo na sisi. Ya mtu aliyelia mpaka koo likakauka.

"Ikhlas. Sahani yenu... Mimi sina kitu ya kuweka."

Baba akasema, "Hatukufuata sahani."

Baba katazama dari, midomo inasoma kitu. Mama anateremka, nasikia vikombe vinagongana ngazini.

Sasa kitu kimeburutwa ndani. Ameinuka. Mkono uko kwenye mlango, nausikia unapapasa.

Kufuli ya juu imefunguka. Tunangoja ya chini.